Matembezi ya Kundi Milimani Wakati wa Baridi: Mfano wa Uskoti

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea mchana wa takriban saa kumi na mbili, mwaka mzima. Mazoea hayo hayamsaidii mwanafunzi wetu anayekwenda kusoma Uskoti, kisha akaalikwa na wenzake kupanda mlima mwezi wa Desemba. Katika makala haya tunaeleza jinsi matembezi ya siku moja yanavyoandaliwa huko, na kwa nini hesabu ya muda ndiyo msingi wake.

Milima ya Cairngorms, kaskazini mwa Uskoti, si mirefu. Ben Macdui, ambao ni mrefu kuliko yote hapo, una mita 1,309 tu, ilhali kilele cha Margherita katika Rwenzori kina mita 5,109. Hata hivyo, mwishoni mwa Desemba jua huchomoza huko karibu saa tatu asubuhi na kuzama kama saa tisa na nusu alasiri. Aidha, juu hakuna miti ya kukinga upepo, na theluji inayopeperushwa huweza kuficha njia kabisa.

Kwanza ni muda. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 900 za kupanda huhitaji takriban saa nne. Kwenye theluji tuongeze nusu yake, zifike sita. Akiba inayobaki kabla ya giza haifiki saa moja, na bado watu hawajapumzika wala kula. Wahenga walisema kawia ufike, lakini milimani humo anayekawia hukutwa na usiku. Kwa hiyo kundi hupanga mapema saa ya kugeuka, na ikifika hugeuka, hata kama kilele kinaonekana.

Pili ni watu. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa. Novemba 1971, wanafunzi kutoka Edinburgh waliokuwa Cairngorms kwa safari ya siku mbili waligawanywa katika makundi mawili. Kundi lililokuwa dhaifu zaidi lilinaswa na dhoruba ya theluji kabla ya kufika kwenye kibanda walikokusudia kulala. Wanafunzi watano na kiongozi msaidizi walifariki kwa baridi. Njia basi ichaguliwe kwa kumpima mwenye nguvu kidogo kuliko wote.

Tatu ni vifaa. Nguo za pamba zisivaliwe, kwani zikilowa jasho hukawia kukauka na kuupoza mwili. Sufu ni bora. Kila mmoja awe na koti lisilopenya upepo wala maji, glavu za akiba, chakula na tochi ya kichwani. Ramani na dira ni lazima, maana betri ya simu huisha upesi kwenye baridi. Kadhalika firimbi: kuipuliza mara sita katika dakika moja, kisha kunyamaza dakika moja na kurudia, ni ishara ya kuomba msaada.

Mwisho, kundi limwachie mtu aliyebaki nyumbani maelezo ya njia na saa ya kurudi. Wasiporejea, apige 999, aombe polisi na kueleza kwamba ni uokoaji wa mlimani.