MAKALA: Kabla ya kufungua injini ya gari la kale la Marekani, piga hesabu kwanza

Na MWANDISHI WETU

KATIKA gereji nyingi za Marekani utakuta gari la kale limeinuliwa juu ya vigingi vya chuma, injini imefunguliwa, giaboksi imelazwa sakafuni na vumbi limetanda kila mahali. Mwenyewe alianza kazi kwa shauku, kisha akakata tamaa.

Mara nyingi kinachokwamisha kazi ya aina hii si ukosefu wa fundi wala vipuri. Mwenye gari hununua vifaa kabla ya kuamua anataka gari la namna gani, kisha hugundua, fedha zikiwa zimekwisha, kwamba kifaa kimoja hakikubaliani na kingine.

Tuchukue mfano wa Chevrolet Camaro ya 1967, mojawapo ya magari ambayo Wamarekani huyaita 'ya misuli' kutokana na injini zao kubwa. Tuseme gari hilo lina injini ya silinda nane yenye ujazo wa inchi 350, yaani lita 5.7, na giaboksi ya otomatiki ya gia mbili tu. Mwenyewe anataka injini yenye nguvu zaidi na gia za kubadilisha kwa mkono.

Swali la kwanza halihusu nguvu hata kidogo. Je, injini na giaboksi hizo ndizo zilizotoka nazo kiwandani? Iwapo nambari zilizogongwa kwenye vyuma hivyo zinaoana na za gari, thamani yake sokoni huwa juu, na kuikata sakafu au kuchonga injini hiyo ni hasara isiyorudishika. Busara ni kuihifadhi injini ya asili na kuijenga nyingine.

Swali la pili ni matumizi. Gari la mashindano ya mbio fupi na gari la kusafiria mwishoni mwa wiki hayajengwi kwa namna moja. Anayetaka yote mawili kwa kipimo sawa huenda akakosa yote mawili.

Injini: ujazo na mbano

Mafundi wengi huiongeza injini ya 350 hadi inchi 383. Silinda hupanuliwa kwa inchi 0.030, na kranki ya asili, ambayo husukuma pistoni umbali wa inchi 3.48, hubadilishwa kwa nyingine ya inchi 3.75. Faida yake kubwa ni nguvu ya kuzungusha katika mwendo wa kawaida, bila kuilazimu injini kupiga kelele.

Hata hivyo, kranki hiyo hupita karibu mno na kuta za chini za injini, hivyo sehemu fulani lazima zichongwe. Aidha, silinda zipimwe ukuta wake kabla ya kupanuliwa. Fundi asiyepima anacheza bahati nasibu kwa fedha za mwenzake.

Baada ya ujazo huja mbano, yaani jinsi hewa na mafuta yanavyoshindiliwa kabla ya kuwashwa. Silinda moja ya injini hiyo huwa na sentimita za ujazo zipatazo 784. Ili kupata mbano wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikifika juu kabisa lazima iwe kama 87. Nafasi hiyo ni jumla ya chumba cha moto, unene wa gasketi, umbo la kichwa cha pistoni na pengo lililo juu yake. Ndiyo sababu silinda hedi, pistoni na gasketi huchaguliwa kwa pamoja.

Mbano ukizidi uwezo wa petroli inayopatikana, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni huvunjika. Hedi za aluminiamu hupoteza joto upesi kuliko za chuma, hivyo huvumilia mbano mkubwa kidogo.

Jambo jingine ni risasi. Marekani ilipiga marufuku petroli yenye risasi kwa magari ya barabarani kuanzia Januari 1, 1996, nalo eneo la Afrika lililo kusini mwa Sahara likaiacha kufikia 2006. Risasi hiyo ilikuwa ikivilinda viti vya vali. Hedi za zamani ambazo hazijawekewa viti vigumu zaweza kulika polepole.

Kemshafti, inayofungua vali, ndiyo huwaponza wengi. Ile kali hutoa nguvu injini ikizunguka kwa kasi, lakini hupunguza uvutaji wa hewa injini inapotulia. Uvutaji huo ndio unaoisaidia breki yenye msaada. Mtu anaweza kujikuta na gari lenye nguvu za kutisha na breki ngumu kama jiwe.

Gia: hesabu ya barabarani

Giaboksi huchaguliwa pamoja na meno ya difu. Chukua difu ya 3.73 na magurudumu yenye kipenyo cha inchi 26. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, giaboksi ya zamani ya gia nne, ambayo gia ya mwisho ni moja kwa moja, huizungusha injini karibu mara 3,000 kwa dakika. Giaboksi ya kisasa ya gia tano, yenye gia ya mwisho ya 0.68, huishusha hadi takriban 2,040. Katika safari ya saa tatu, tofauti hiyo husikika masikioni na katika tangi la mafuta.

Isitoshe, difu yenyewe ichunguzwe. Giaboksi ya otomatiki hupokea nguvu kupitia mafuta, hivyo mshtuko hupoa njiani. Klachi ikiachiliwa ghafla, mshtuko wote huiangukia difu na ekseli.

Mahali kazi mbili zinapokutana

Kosa la gharama kubwa zaidi hufanyika kwenye flaiwili, lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Baadhi ya kranki husawazishwa zenyewe, nyingine hutegemea uzito uliowekwa kwenye flaiwili. Zikichanganywa, injini hutetemeka hadi kuharibu beringi zake. Kranki, pistoni na flaiwili zisawazishwe pamoja kabla ya kufungwa.

Pia, baadhi ya kranki za magari ya otomatiki hazikutobolewa nafasi ya beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Hilo litazamwe mapema, wakati kranki bado iko mezani.

Ganda linalofunika klachi nalo lipimwe kama limekaa katikati ya kranki. Kosa linaloruhusiwa kwa kawaida halizidi inchi 0.005. Likizidi, gia huwa ngumu na beringi hufa mapema, na wengi huilaumu giaboksi bure.

Orodha ya vinavyosahauliwa ni ndefu: pedali ya klachi, nguzo inayobeba giaboksi, urefu wa propela shafti, waya wa kipima mwendo na swichi inayozuia gari kuwashwa klachi isipokanyagwa. Fauka ya hayo, kwa injini kali, ganda la chuma kigumu linaloweza kuzuia vipande vya klachi iliyopasuka si anasa. Miguu ya dereva iko sentimita chache kutoka hapo.

Utaratibu ufaao, basi, ni huu: amua matumizi, tenga fedha ikiwemo akiba, pima injini uliyo nayo, chagua kemshafti, mbano, gia na difu kwa pamoja, ndipo ununue. Breki na mfumo wa kupoza maji vitengenezwe kwanza, si mwisho.

Atakayefuata njia hiyo atachelewa kuanza, lakini gari lake litatoka gerejini likitembea. Mwenda pole hajikwai.