Fahamu: Kwa nini Mkatoliki haishii kwenye Biblia

Kila Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, swali hurudi: imeandikwa wapi katika Biblia? Kwenye mwambao wa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, swali hilo ni la majirani: Liuli ni misheni kongwe ya Kianglikana, huku Ukatoliki wa Ruvuma ukienezwa na Wabenediktini wa Peramiho.

Kwa Waanglikana, kifungu cha 6 cha Kanuni 39 za imani za Kanisa lao hakimlazimishi mtu kuamini lisilothibitika katika Maandiko ili aokoke. Mkatoliki hujibu kwamba Mitume walihubiri kwa mdomo kabla Injili hazijaandikwa. Tena, orodha ya vitabu vya Biblia haimo ndani ya Biblia yenyewe! Kanisa liliitambua kwa Mapokeo, yaani mafundisho ya Mitume yaliyorithishwa ndani ya Kanisa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya Novemba 18, 1965, unafundisha kuwa Maandiko na Mapokeo hutoka chemchemi moja.

Lakini si kila kisichoandikwa katika Biblia kina uzito sawa, na hapa wengi huchanganya mambo. Useja wa mapadre ni nidhamu, Kanisa linaweza kuibadili. Kupalizwa, kulikotangazwa na Papa Pius XII mwaka 1950, ni fundisho la imani, halifutiki.