Duka la Mkononi na Duka la Kijijini

Wanachama wengi wametuuliza swali moja msimu huu: je, yafaa kuagiza vitu kwa simu, au tuendelee kununua madukani kama walivyofanya wazee wetu? Twajibu kwanza kwa kisa kilichotupata wenyewe.

Msimu uliopita tulihitaji turubai la kufunikia karafuu mvua ikija. Dukani kwa jirani lilikuwapo, lakini bei yake tuliiona kubwa. Tukaagiza kwa simu kutoka Dar es Salaam, na picha ilionyesha turubai zito la futi 18 kwa 24. Fedha tukatuma papo hapo. Mzigo ulifika kwa boti baada ya siku tisa. Turubai lilikuwa jepesi kama shuka, wala halikutimia futi 12. Tulipopiga ile nambari, haikupokewa tena. Wiki ile ile ikanyesha, na karafuu tulizotaraji kuziuza daraja la kwanza zikashuka. Tulikimbilia bei ndogo, tukalipa mara mbili.

Hata hivyo, si haki kuihukumu biashara nzima kwa kisa kimoja. Natuitazame ilikotoka.

Kununua kitu usichokiona hakukuanza na simu, na wanunuzi wake wa zamani walikuwa wakulima kama sisi. Mwaka 1872, katika mji wa Chicago, Marekani, bwana mmoja aitwaye Aaron Montgomery Ward alipiga chapa karatasi yenye orodha ya bidhaa na bei zake, akawapelekea wakulima wa mbali waliokuwa wakilalamika kuwa maduka ya vijijini yawauzia ghali. Mkulima aliandika barua, na mzigo ukaja kwa garimoshi. Wenye maduka walichukia sana. Lakini Ward aliwavuta wakulima kwa ahadi moja: asiyeridhika na bidhaa atarudishiwa fedha zake.

Baadaye ikaja kampuni ya Sears, na orodha yake nene ilikaa katika nyumba za Marekani mpaka kampuni ilipoiacha kazi hiyo mwaka 1993. Mwaka uliofuata, Jeff Bezos akaanzisha Amazon, nayo ikaanza kuuza vitabu kwa intaneti mwaka 1995. Biashara ni ile ile. Kilichobadilika ni chombo. Sears yenyewe ilikwenda mahakamani kwa kufilisika mwezi wa Oktoba 2018.

Basi je, maduka yamekwisha? La, hata kidogo. Huko Uingereza, mwezi wa Januari 2021, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona, zaidi ya theluthi ya mauzo ya rejareja yalipita mtandaoni. Milango ilipofunguliwa, sehemu hiyo ikapungua na kubaki kama robo. Marekani, mwaka 2024, katika kila dola 100 za rejareja, kama dola 16 tu ndizo zilizopita mtandaoni. Na Amazon wenyewe, mwaka 2017, walinunua maduka ya vyakula ya Whole Foods, kwa maana wanajua kuwa mtu bado ataka kuliminya embe kabla ya kulilipia.

Tena, mnunuzi wa huko ana pa kushika. Tangu Juni 2014, sheria ya Uingereza yampa mnunuzi wa mbali siku 14 baada ya kupokea bidhaa nyingi abadili nia yake na adai fedha. Kwetu, kampuni ya Jumia ilifunga kazi zake Tanzania mwezi wa Novemba 2019, na biashara nyingi ya namna hii yapita katika WhatsApp na Instagram, mtu kwa mtu. Ukituma fedha kwa nambari usiyoijua, umenunua mbuzi kwenye gunia.

Liko jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Sote twajua kwamba karafuu hazizai sawasawa kila mwaka. Mwaka mti ukikataa, ni nani atupaye mchele, sukari na mafuta ya taa mpaka msimu mwingine? Ni mwenye duka wa kijijini, aandikaye deni katika daftari lake kwa sababu atujua sisi na baba zetu. Simu haina daftari hilo. Tukimpelekea mwenye duka madeni peke yake, na fedha taslimu za mavuno tukazituma mbali, atafunga mlango, nasi tutamkumbuka siku ya njaa.

Wala hatusemi kwamba mwenye duka asiambiwe kitu. Mwonyeshe bei uliyoiona kwenye simu, umwulize kwa nini yake imezidi. Pengine ni nauli ya boti, pengine atapunguza.

Na mwanachama atakaye kuagiza kwa simu, tunamshauri hivi. Asilipe kabla ya kuona, ila kama muuzaji ajulikana na mtu amwaminiye. Akiwa na ndugu Dar es Salaam au Unguja, ndugu huyo aende akakishike kitu kwa mkono. Vipimo aandikiwe, asitosheke na picha. Ujumbe na risiti asivifute, maana mali bila daftari hupotea bila khabari. Na kitu cha kazi ya shamba akiagize mapema, kabla ya mchumo kuanza, ili kikija kibovu awe na wasaa wa kutafuta kingine.

Kwa maturubai, twaona yafaa wanachama wa tawi moja wajumuike, wamtume mmoja wao akayakague na kuyanunua kwa pamoja. Bei ya jumla itapatikana, na jicho letu litakuwapo. Tawi litakalolijaribu jambo hili lituandikie, nasi tutawapa wenzao khabari.