Kopo Msituni na Saa Angani

Je, wajua kwamba simu yako, inapotaka kujua ulipo, haina rula wala kamba ya kupimia? Kitu inachopima ni muda. Simama Kizimkazi Dimbani, karibu na msikiti ule wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Setilaiti za GPS zinazunguka kilomita 20,200 juu ya ardhi, na kila moja inatangaza bila kupumzika: mimi ni fulani, nipo mahali fulani, na saa yangu ni hii. Matangazo hayo hukufikia baada ya sehemu saba hadi tisa za mia ya sekunde. Simu hulinganisha ucheleweshaji huo mdogo kutoka setilaiti moja hadi nyingine, kisha hukwambia uko nyuzi 6 na dakika 26 hivi kusini mwa ikweta, nyuzi 39 na dakika 28 hivi mashariki. Setilaiti tatu zingetosha kukuonyesha mahali. Ya nne inahitajika kwa sababu saa ya simu ni ya bei nafuu na lazima isahihishwe.

Juu ya hesabu hiyo umejengwa mchezo uitwao jiokashingi. Mtu huficha kopo au kasha lisiloingia maji, hutangaza namba za mahali lilipo, na wengine hulisaka kwa miguu, kwa mashua au kwa baiskeli. Ndani huwa na daftari. Anayelipata huandika jina na tarehe, akitaka huchukua kitu na kuacha kingine chenye thamani ileile au zaidi, kisha hulirudisha palepale.

Mchezo huu haukuwezekana kabla ya Mei 2000. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi matangazo wanayopokea raia, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100. Nani atatafuta kopo katika duara la namna hiyo? Rais Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na usiku mmoja tu vifaa vya dunia nzima vikawa sahihi zaidi. Tarehe 3 Mei, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akaweka namba zake kwenye intaneti. Ndani alitia vitabu, pesa kidogo, manati na kopo la maharage. Mike Teague ndiye aliyeifikia mwanzo. Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya mchezo, na leo vificho duniani vimepita milioni tatu.

Sasa chukua baiskeli yenye matairi mapana, uingie nayo vichakani kutoka Kizimkazi kuelekea Muyuni na Kitogani. Kusini ya Unguja ni nchi ya maweni: matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, udongo kiduchu, mashimo na ncha kali zinazochana tairi. Mpanda baiskeli anayekwenda kilomita 20 kwa saa hukata zaidi ya mita tano kila sekunde, na vipokezi vingi hupiga hesabu upya mara moja kwa sekunde. Kwa hiyo kioo kinapokwambia umefika, umeshapita. Shuka, simama, ukipe kifaa dakika moja kitulie.

Hata kikitulia, msitu una maneno yake. Majani yamejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya redio yanayotumiwa na GPS. Vichaka vifupi vya Kizimkazi huacha mbingu wazi, kwa hiyo kosa huwa dogo, mita chache tu. Endelea hadi msitu wa Jozani, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso wa ardhi, nayo mitondoo inapanda juu na kufunga kivuli, hasa baada ya mvua, utaona namba zinachezacheza. Sehemu ya mawimbi haiji moja kwa moja. Hugonga shina au jiwe kwanza, hurefusha njia, na kipokezi hudhani setilaiti iko mbali kuliko ilivyo. Mita kumi za mwisho ni za macho yako: jiwe lililokaa vibaya, vijiti vilivyopangwa na mkono wa mtu, tundu la mti lililozibwa. Hapo mvuvi wa Kizimkazi ana faida kubwa. Amezoea kuupata mwamba usioonekana chini ya maji kwa kulinganisha mnazi huu na paa lile la nchi kavu, na jicho la namna hiyo halinunuliwi dukani.

Jambo linalonistaajabisha zaidi liko kwenye saa zenyewe. Setilaiti hukimbia karibu kilomita 14,000 kwa saa, na mwendo huo huichelewesha saa yake. Lakini kule juu uvutano wa dunia ni dhaifu, na jambo hilo huiharakisha zaidi. Jumla yake, kwa kanuni za Einstein, saa ya angani hutangulia ya ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Nuru hupita mita 300 katika sehemu moja tu ya milioni. Wahandisi wasingezirekebisha saa hizo kabla ya kuzirusha, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita kumi kila siku, na aliyekwenda kusaka kopo Kizimkazi angejikuta baharini.

Unguja yenyewe si ngeni katika habari za angani. Njiani kutoka Mjini kwenda Kizimkazi unapita Tunguu. Hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani vya mradi wa Mercury, na tarehe 20 Februari 1962, mwanaanga wao John Glenn alipokuwa akiizunguka dunia, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Watu wengi walikitilia shaka kituo kile, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ikataka kiondoke. Kikafungwa mwaka huohuo. Leo Tunguu ndipo ilipo kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kuanzia 2016 wanafunzi wake walishiriki kurusha ndege zisizo na rubani zilizopiga picha za ramani ya Unguja na Pemba, zikiongozwa na setilaiti hizihizi. Safari hii elimu ilikuwa mikononi mwa wenyewe, na hilo naliona kubwa kuliko kituo chenyewe.

Ukitaka kuficha kasha lako katika njia za Kizimkazi, anza kwa sheha na kamati ya wanaohifadhi msitu, maana vichaka vile ndimo anamojificha paa nunga, ambaye dunia nzima amebaki Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Usikate njia mpya ya baiskeli. Usichimbe, sheria za mchezo wenyewe zinakataza kufukia bila idhini ya mwenye ardhi. Usitie chakula ndani, kima watalifungua kabla ya watu. Jiepushe na misikiti, makaburi na mapango yenye mizimu ya wenyeji. Liache mita 161 au zaidi kutoka kificho kingine, kama tovuti inavyotaka. Na unapoandika namba zake, tumia dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta, kwa sababu hapa kwetu tarakimu ile ya mwisho ni chini ya mita mbili.