Usalama wa Ghala ni Wajibu wa Kila Mwanachama

Katika vyama vingi vya msingi, neno ulinzi likitajwa, mawazo ya wengi humwendea mtu mmoja aliyevaa koti zito, ameshika rungu na tochi mlangoni pa ghala. Huyo ndiye mlinzi, nao wengine wote hujiona wamekwisha kutimiza wajibu wao kwa kumlipa mshahara. Fikra hiyo ina kasoro kubwa. Mlinzi aweza kumzuia mwizi anayevunja kufuli usiku. Hawezi kuuzuia unyevu ulioingia ghalani mchana ndani ya gunia, wala gunia linalotoka kwa mlango wa mbele likiwa na hati ya uongo.

Hasara ni ya nani?

Mfanyabiashara akipoteza mali, hasara ni yake na watu wa nyumbani kwake. Chama cha ushirika hakina tajiri wa kuibeba hasara hiyo. Tuchukue mfano wa chama chenye wanachama 200, ambacho ghala lake limepoteza magunia 40 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Jumla ni kilo 4,000. Zikigawanywa sawa, kila mwanachama amepoteza kilo 20, yaani kama debe zima, hata yule ambaye hajafika ghalani tangu alipopima mazao yake. Hakuna atakayekuja nyumbani kwake kumdai debe hilo. Litakatwa kimya kimya katika malipo yake ya mwisho, naye atalaumu bei ya soko.

Unyevu

Adui wa kwanza wa nafaka haji na panga. Mahindi yanayohifadhiwa yapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13 hivi. Yakizidi hapo huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya zikiwamo Makueni na Kitui, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hapa Tanzania.

Chama kisicho na kipimo cha unyevu kinaweza kutumia chupa kavu ya kioo na chumvi kavu. Tia konzi ya mahindi na chumvi kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Mwenyewe ayarudishe kuyaanika. Karani akimwonea haya jirani yake akayapokea, gunia hilo moja laweza kuharibu yale yanayoligusa. Ndani ya ghala, magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite na mtu aweze kuzunguka kuyakagua.

Moto na dawa

Pamba ikishika moto huweza kufukuta ndani ya robota kwa muda mrefu bila mwali kuonekana. Kwa hiyo uvutaji wa sigara ukatazwe ndani ya ghala na karibu nalo, na katazo hilo limhusu mwenyekiti sawasawa na mpagazi. Ndoo za mchanga mkavu ziwe mahali pa wazi, zisigeuzwe kuwa za kuchotea maji. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114, iandikwe ukutani.

Vidonge vya kufukizia wadudu vinahitaji hadhari ya pekee. Vile vya alumini fosfaidi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya kuua, ambayo haina dawa ya kuitangua. Vimwagiwapo maji, gesi hutoka kwa wingi na yaweza hata kuwaka. Visitumiwe na mtu asiyefundishwa, wala asilale mtu yeyote, hata mlinzi, katika ghala lililofukizwa au katika chumba kinachopakana nalo. Makopo matupu yasichukuliwe nyumbani kuwekea chumvi au mafuta.

Wizi wa kalamu

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mali nyingi hupotea mahali ambapo mtu yule yule hupima, huandika, hutunza ufunguo na kuhesabu. Dawa yake ni kuzigawa kazi hizo. Ghala liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio wa nyumba moja. Kila gunia liingie kwa stakabadhi na kutoka kwa hati yenye sahihi mbili. Kila mwezi mjumbe wa bodi asiye mtunza ghala ahesabu magunia na kuyalinganisha na kitabu. Utaratibu huu haumtuhumu mtu. Katibu mwaminifu ndiye anayeuhitaji zaidi, maana siku mali itakapopungua, daftari lake ndilo litakalomtetea.

Mwanachama afanye nini?

Mwanachama adai stakabadhi kila apimapo, aisome uzito wake hapo hapo, na aitunze. Akiona paa linavuja, waya wa umeme uko wazi au mlango haukufungwa, amwarifu katibu siku ile ile. Katibu naye aandike taarifa hiyo katika kitabu, pamoja na hatua iliyochukuliwa na tarehe yake. Pasipo maandishi, jambo la watu wote huwa si la mtu yeyote.

Mkutano Mkuu ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Inafaa basi kila Mkutano Mkuu usomewe taarifa ya usalama wa ghala kabla ya taarifa ya fedha, ikionyesha magunia yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyoharibika na sababu zake. Katibu aanze kuiandaa sasa, na mwanachama asiyeisikia ikisomwa anyooshe mkono kuiulizia.