Je, Wajua? Diski Moja Ilijaa, Linux Ikarithi

Programu nyingi za Linux hukaa kwenye saraka ya /usr kwa sababu ya diski iliyojaa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa wakiunda Unix katika Bell Labs, Marekani. Nafasi ikawaishia. Programu zikamwagikia diski ya pili, kwenye /usr, zilikokaa faili za watumiaji. Ndipo zikawapo /bin na /usr/bin.

Diski zikakua, mgawanyo ukadumu, hata Linux ikaurithi kutoka Unix! Fedora, toleo mojawapo la Linux, iliunganisha saraka hizo mbili mwaka 2012.

Saraka zote huanzia kwenye mkwaju mmoja: /. Anayejaribu kupanda juu yake hujikuta palepale.

Na /proc? Imesheheni faili, ila hakuna hata moja iliyo kwenye diski. Mfumo huzitunga zinaposomwa.