Kabla ya Kulisugua Ganda la Risasi

Ukichimba msingi Ngamiani, Tanga, ukakuta ganda la risasi, usishangae. Tarehe 4 Novemba 1914 kikosi cha Waingereza, wengi wao askari kutoka India, kilipigana na askari wa kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck kuanzia upande wa Ras Kazone hadi mjini. Kiliposhindwa na kurudi melini, kiliacha nyuma risasi zipatazo 600,000.

Swali la kwanza si namna ya kulisafisha, bali limekufa kweli? Ganda tupu lina mdomo wazi, na kiwashio katikati ya kitako kimebonyea kwa pigo la pini. Ukiona kichwa cha risasi kingali mdomoni, au kiwashio hakijabonyea, liache hapo hapo uwaite polisi. Kuwa na risasi nzima bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hata kama ni urithi wa babu. Kombora la mzinga ndilo la kukimbia kabisa. Waingereza wa enzi zile walijaza makombora mengi asidi ya pikriki, ambayo ikikutana na metali huweza kuzaa chumvi zinazolipuka kwa mtikiso mdogo tu. Miaka mia haiyapunguzii makali, huyaongezea.

Ganda likishathibitika kuwa tupu, lisome. Mdomo wa milimita 11 hivi ni wa Mauser ya 1871, bunduki kuukuu ya moshi mzito waliyokuwa nayo askari wengi wa upande wa Wajerumani. Mdomo mwembamba, na kitako chenye ukingo uliojitokeza nje, huenda ni wa .303 ya Waingereza. Kitakoni mara nyingi mna herufi za kiwanda, na ndizo za kwanza kufutika mtu akishika msasa.

Hapa pwani adui ni chumvi. Kloridi ya chumvi hiyo hujificha ndani ya shaba na, ikipata unyevu, hutoa unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta. Limau, ukwaju na majivu hung'arisha kwa siku chache, lakini huondoa ngozi ya kahawia iliyokuwa ikiilinda shaba. Dawa za kusafishia zenye amonia ni mbaya zaidi: zamani huko India, Waingereza waliona maganda yao yakipasuka yenyewe majira ya masika. Yalikuwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi, na mkojo ulitoa amonia.

Kwa hiyo tumia mswaki laini na maji yaliyochujwa chumvi, yale wanayouza kwa ajili ya betri, si asidi yake. Loweka, badilisha maji kila siku kwa wiki kadhaa, kisha kausha kabisa kivulini. Paka nta ya nyuki kiasi kidogo sana. Nyuki wa Tanga walishawauma wanajeshi siku ile ya mapigano, sasa watusaidie. Ukikuta singe ya chuma badala ya ganda, haifai kulowekwa hivyo: ifute kavu, ipake mafuta ya cherehani.

Mwisho, kwenye kadi andika kwa penseli mahali ganda lilipopatikana, kina cha shimo na tarehe. Bila kadi hiyo, mtu wa makumbusho atakuuliza maswali ambayo ganda lenyewe haliwezi kuyajibu.